Mashine Isikilizwayo na Mashine Isikilizayo

Kila mara taarabu inapopata chombo kipya, huzuka mjadala uleule. Wazee husema kuwa chombo hicho kitauua muziki. Vijana husema kuwa bila ya chombo hicho muziki utakufa. Pande zote mbili huzungumzia uhai na mauti, na ni nadra kumpata anayeuliza swali dogo lenye manufaa zaidi: chombo hiki kinamfundisha nini mwanafunzi, na kinamsahaulisha nini? Swali hilo linastahiki kuulizwa upya, kwani simu ya mkononi imekwishakuwa mwalimu wa mwanzo wa vijana wengi wanaotamani kupiga udi, fidla au kanuni. Mwalimu huyo hachoki, hakasiriki, hadai ada, na hulala mfukoni. Kumtukana hakufai kitu, na kumsifu bila ya kumchungua ni hatari.

Ni vyema kuanza kwa kukiri kwamba taarabu ya Unguja haikuwahi kuishi bila ya zana za kujifunzia. Husimuliwa kuwa Sayyid Barghash, aliyetawala baina ya 1870 na 1888, alimpeleka Mohammed Ibrahim hadi Misri ili akajifunze kupiga kanuni. Kama ndivyo, zana ya kwanza ilikuwa ni chombo cha baharini: mtu alisafiri, akakaa mbele ya bingwa, akarudi na elimu yake vidoleni. Ikhwani Safaa ilipoundwa mwaka 1905, elimu hiyo ilipata nyumba, ikawa haimtegemei tena mtu mmoja wala kasri moja. Hata hivyo njia ilibaki ni ileile. Mwanafunzi alimtazama mwalimu, alimsikiliza, alikosea mbele yake, na alirekebishwa papo hapo.

Mwaka 1928 mambo yalibadilika. Siti binti Saad na wenzake walikwenda Bombay kurikodi nyimbo kwa ajili ya kampuni iliyojulikana kwa nembo ya HMV, na kwa mara ya kwanza nyimbo za Kiswahili za waimbaji hao ziliweza kusikika mahali ambapo waimbaji wenyewe hawapo. Santuri ilimfanya Siti awe mwalimu wa watu asiowajua. Aliyekuwa na gramafoni aliweza kumrudia mara kumi kwa usiku mmoja, jambo ambalo hakuna mwimbaji aliye hai angelikubali kulifanya.

Lakini santuri haikufundisha sauti peke yake. Ilifundisha na umbo. Upande mmoja wa santuri ya inchi 10, iliyozunguka mara 78 kwa dakika, ulichukua kiasi cha dakika tatu tu. Ndani ya dakika tatu hapana nafasi ya bashrafu ya kuwatuliza wasikilizaji, hapana nafasi ya takasimu ya udi kutembea polepole ikitafuta njia yake, na beti hubidi zihesabiwe. Barazani wimbo huweza kurefushwa na kurudiwa kadiri ya raha ya waliohudhuria. Ndani ya santuri hukatwa na mpaka wa duara lenyewe. Mwanafunzi aliyejifunza kwa santuri peke yake alijifunza, bila ya kuambiwa na mtu, kwamba wimbo ni kitu cha dakika tatu. Huo ndio mfano wa kwanza wa kanuni itakayojirudia katika makala haya: kila zana hufundisha somo lililokusudiwa, kisha ikafundisha na jingine ambalo hakuna aliyelikusudia.

Baada ya santuri zikaja redio na kaseti. Idhaa ya Sauti ya Waarabu ilipoanza kurusha matangazo kutoka Cairo mwaka 1953, masikio ya mwambao yalikuwa tayari yamekwishazoea nyimbo za Umm Kulthum na Mohammed Abdel Wahab, na sasa yalizipata hewani. Kaseti iliyotokea katika miaka ya 1960 ikafanya zaidi ya hayo, maana ilimpa msikilizaji uwezo wa kurikodi mwenyewe. Mombasa, duka la Mbwana Radio Service lilipata jina kwa kaseti zake za taarabu. Harusi moja iliweza kusikilizwa katika miji mingi, na mwanafunzi aliweza kuurudisha nyuma ukanda hadi pale penye pambo la fidla lililomshinda, akalisikiliza, akalijaribu, akaurudisha tena.

Inafaa kusita kidogo katika zama hizi za kaseti, kwani ndizo zinazokumbukwa leo kwa mapenzi mengi na kwa uchunguzi mchache. Kaseti ilikuwa ni chombo kibovu. Betri zikianza kuchoka, mwendo ulipungua na sauti ikazama. Mashine mbili za aina moja hazikutoa sauti moja. Ukanda ukinakiliwa, na nakala ikanakiliwa tena, udi ulififia na kubaki mvumo. Aliyetaka kupunguza mwendo ili azifuate nota za mpigaji mwepesi alikuta kwamba mwendo ukipungua kwa nusu, sauti nayo hushuka oktava nzima, fidla ikageuka kuwa kama selo.

Ajabu ni kwamba ubovu huo ulikuwa na faida yake. Kwa vile mashine haikuaminika, mwanafunzi hakuweza kuikabidhi kazi ya masikio yake. Ilimlazimu kwanza afunge nyuzi za udi wake zifuatane na ukanda kama ulivyo siku hiyo, iwapo uko juu au uko chini. Kwa kufanya hivyo alijifunza kwamba lahani haikai katika nota moja moja, bali hukaa katika masafa yaliyo baina ya nota na nota. Wimbo ukipanda au ukishuka wote kwa pamoja, wimbo ni uleule. Masafa ya ndani yakivunjika, wimbo umekufa hata kama kila nota inang'aa. Kaseti haikukusudia kufundisha jambo hilo, lakini ililifundisha, na wapigaji wengi waliokulia katika zama hizo wanalo hadi leo.

Santuri, redio na kaseti, pamoja na tofauti zao, ni za jamii moja. Zote ni mashine zinazosikilizwa. Hutoa sauti, kisha hunyamaza. Hazimjui mwanafunzi, wala hazina rai juu ya upigaji wake. Akikosea, kosa ni lake na sikio lake ndilo hakimu.

Kilichoingia katika somo la muziki katika miaka ya karibuni ni jamii nyingine kabisa: mashine zinazosikiliza. Kwenye simu mna programu inayoisikia nota ya mwanafunzi, ikampa alama. Akiwa sawa, rangi ya kijani huwaka. Akikosea, mshale huinama kushoto au kulia na rangi huwa nyekundu. Mna nyingine inayohesabu mapigo na kumwambia aliyetangulia au aliyechelewa. Mna na programu za kurikodia ambazo huichukua sauti ya mwimbaji, ikaivuta hadi kwenye nota iliyo jirani bila ya yeye kuulizwa. Maarufu kati ya hizo, Auto-Tune, ilitoka mwaka 1997. Tofauti baina ya jamii hizi mbili ni kubwa kuliko tofauti baina ya santuri na intaneti. Mashine ya kwanza humpa mwanafunzi mfano. Mashine ya pili humpa hukumu. Na hakimu, tofauti na mfano, lazima awe na sheria aliyokuja nayo.

Sheria hiyo ni ipi? Vifaa vingi vya aina hii hutoka viwandani vikiwa vimefungwa kwa mizani ya piano ya Ulaya. Oktava hugawanywa mafungu 12 yaliyo sawa, na kila fungu hupewa vipimo 100 ambavyo wataalamu huviita senti. Kwa mujibu wa mizani hiyo, nota halali iko kwenye 100, 200, 300, 400, na kuendelea. Kila kilicho katikati ni kosa, na ukubwa wa kosa hupimwa kwa umbali wake kutoka kwenye nota iliyo karibu.

Sasa achukuliwe mwanafunzi anayejifunza maqamu ya rasti, ambayo ndiyo mlango wa maqamu nyingi. Nota yake ya tatu si ile ya furaha ya Wazungu iliyo kwenye 400, wala si ile ya huzuni iliyo kwenye 300. Iko baina yake. Katika hesabu ya nadharia ya Waarabu wa zama mpya, inayoigawa oktava mafungu 24, nota hiyo huwekwa kwenye 350. Mabingwa huisogeza juu au chini kidogo kwa mujibu wa mji, wimbo na mwendo, lakini katikati ndiko kwao. Na 350 ndipo mahali pabaya kuliko pote mbele ya mashine: hapana pengine palipo mbali zaidi na nota mbili halali. Kadiri mwanafunzi anavyoipiga rasti kwa usahihi, ndivyo mashine inavyompa alama ya chini. Akiipotosha kidogo, atasifiwa. Akiipotosha kabisa, kijani kitawaka.

Hapo ndipo penye jambo zito. Kijana mwenye mwalimu aliye hai atamsikia mwalimu akimwambia aipuuze mashine. Lakini aliye peke yake chumbani, na hao ndio wengi, hana wa kumwambia hivyo. Ataamini kwamba sikio lake ndilo bovu. Baada ya mwaka mmoja wa kutii mshale, sikio hilo litakuwa kweli limekwishakuwa bovu: litaisikia santuri ya Siti na kudhani kwamba waliorikodi walikuwa hawakufunga nyuzi zao vizuri. Huo si uzushi wa wapenda ya kale. Ni matokeo ya kawaida ya kumpa hakimu mgeni mamlaka juu ya shauri ambalo hajui lugha yake.

Mjadala huu si wa leo, wala si wa Unguja peke yake. Mwaka 1932 ulifanyika Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, waliouhudhuria wakiwamo watunzi wa Ulaya Béla Bartók na Paul Hindemith. Wajumbe walibishana iwapo piano iruhusiwe au isiruhusiwe, na walijaribu kukubaliana juu ya mahali hasa penye robo sauti. Hawakukubaliana. Sikio la Msyria na sikio la Mmisri halikutua mahali pamoja, na kila mmoja aliona kwamba yeye ndiye aliye sahihi. Funzo la mkutano ule si kwamba wajumbe walishindwa kupima. Funzo ni kwamba jambo lenyewe lilikuwa hai, na kilicho hai hutikisika chini ya kipimo.

Wala haifai kudai kwamba kila zana ya kigeni haifunziki. Akodioni ilipoingia katika muziki wa Misri, mafundi walizikwangua ndimi zake za madini mpaka zikatoa robo sauti. Nota za maandishi nazo, ambazo zilizaliwa Ulaya kwa ajili ya muziki wa Ulaya, ziliongezewa alama yenye mkato ili kumwonesha msomaji kwamba nota hii ishushwe nusu ya nusu. Chuo cha Muziki wa Nchi za Jahazi kilipofungua milango yake hapa Unguja mwaka 2002, kilifundisha kwa maandishi na kwa sikio pamoja, na wanafunzi hawakuangamia kwa kujua kusoma. Zana hizi zilikubali kufundishwa kabla ya kufundisha. Ukiona vyaelea, vimeundwa. Na kilichoundwa na mtu, mtu aweza kukiunda upya.

Kwa mizani hiyohiyo ndipo kipimwe kinanda cha umeme. Neno lenyewe lina historia ya kufikirisha: kinanda cha Lamu cha zamani kilikuwa ni ala ya nyuzi, jamaa ya gambusi, iliyokumbatiwa kifuani, kinanda cha leo husimama juu ya miguu ya chuma na huchomekwa ukutani. Katika miaka ya 1990, makundi ya taarabu ya kisasa, East African Melody likiwa mojawapo ya yaliyopata sifa, yalikifanya kinanda hicho kuwa nguzo. Kosa lililoelekezwa kwao mara nyingi lilikuwa ni kelele na mipasho. Hayo ni madogo. Kubwa ni kwamba kinanda cha kawaida hakina 350. Mwimbaji anayefuatana nacho kila usiku atachagua mojawapo ya mambo mawili: agombane nacho, au asalimu amri. Wengi walisalimu amri, na maqamu zilizohitaji robo sauti zikawa adimu jukwaani bila ya mtu yeyote kupitisha azimio la kuziondoa.

Kampuni kama Yamaha na Korg zilitengeneza vinanda kwa ajili ya soko la Waarabu, vyenye vitufe vya kuishusha nota ichaguliwayo kwa senti 50. Hiyo ni hatua njema, na mwalimu anayeweza kukipata kinanda cha namna hiyo asikikatae. Lakini ajue mpaka wake. Kitufe hushusha kiasi kilekile kila mara, ilhali robo ya bayati na robo ya rasti hazitui mahali pamoja katika koo za mabingwa. Kanuni yenye nyuzi zipatazo 78 ina vipande vidogo vya madini vya kuinuliwa na kushushwa wimbo ukiendelea, na udi na fidla hazina kizuizi chochote chini ya kidole. Mwanafunzi aanze na ala inayomwachia uhuru wa kukosea. Kitufe kije baadaye.

Limebaki suala la maneno, ambalo katika ukurasa wa wapenzi wa ushairi haliwezi kuachwa. Taarabu ni shairi kabla ya kuwa muziki. Mtungaji huhesabu mizani, hupanga vina vya kati na vya mwisho, kisha hulikabidhi shairi kwa mtia sauti. Kazi ya mwimbaji ni kuamua silabi ipi ivutwe na ipi ipitwe upesi, na uamuzi huo ni tafsiri ya maana. Lizingatiwe neno barabara. Mkazo ukikaa kwenye silabi ya tatu, ni njia ipitwayo na watu. Ukirudi kwenye ya pili, ni sawasawa kabisa. Herufi ni zilezile na mizani ni nne kwa nne. Pigo la ngoma likiangukia mahali pasipo pake, mshairi aliyesema kwamba mapenzi yake yamekaa sawasawa atasikika akisema kwamba yamekaa njiani.

Hakuna programu ya mapigo inayolijua hilo. Mashine humwambia mwimbaji kwamba amechelewa kwa sehemu ndogo ya sekunde. Haimwambii kwamba amechelewa kwa sababu neno lilistahiki kusubiriwa. Waimbaji wa zamani walichelewa kwa makusudi, na wapigaji waliwangoja. Ngoma ya mashine haimngoji mtu. Anayejifunza kuimba juu ya pigo lisilongoja hujifunza kuyasukuma maneno yaingie ndani ya pigo, na matunda yake husikika: nyimbo ambazo kila silabi imetamkwa na hakuna neno lililosemwa.

Upungufu wa mafunzo ya mbali hauhitaji maelezo marefu. Mwaka 2020, maradhi yalipowafungia watu majumbani, walimu wengi duniani walifundisha kupitia kioo cha simu. Mwanafunzi mmoja mbele ya mwalimu mmoja, kwa zamu, aliweza kufaidika. Kupiga pamoja hakukuwezekana. Sauti ikichelewa kiasi cha sehemu 30 katika 1,000 za sekunde, ambao ni muda wa sauti kusafiri mita 10 hivi hewani, wapigaji huanza kupotezana, na intaneti ya kawaida huchelewa zaidi ya hapo. Katika taarabu, ambamo fidla huufuata wimbo kama kivuli na kila mpigaji huupamba kwa namna yake, kukosa pamoja ni kukosa somo lenyewe.

Basi hukumu iwe ipi? Mashine isikilizwayo ikaribishwe kwa mikono miwili, na leo ina uwezo ambao kaseti haikuota kuwa nao. Programu za kupunguza mwendo bila ya kuishusha sauti zinampa mwanafunzi zawadi kubwa: pambo la fidla lililopita kama umeme sasa laweza kutazamwa kama kidole kinavyotazama shanga za tasbihi, moja baada ya moja. Rikodi za zamani zilizohamishiwa kwenye dijitali zinamwezesha kijana wa Pemba kuwasikia Siti binti Saad na Maalim Shaaban bila ya kumwomba mtu ruhusa. Na simu, ikitumika kumrikodi mwalimu na kisha kumrikodi mwanafunzi, ni kioo kisichosema uongo. Tena humwachia mwanafunzi kazi ya kulinganisha, ambayo ndiyo kazi inayolijenga sikio.

Mashine isikilizayo iwekewe mipaka. Itumike kufunga nyuzi zilizo wazi kabla ya kuanza, kisha izimwe. Isikae juu ya meza wakati wa rasti, bayati, saba wala sikah, ila kama mwalimu ameifunga kwa maqamu hizo na amemweleza mwanafunzi kwamba hata hivyo ni makadirio. Isiruhusiwe kuivuta sauti ya mwimbaji anayejifunza, maana atakayeisikia sauti yake iliyonyooshwa kabla ya kuijua sauti yake halisi hataijua kamwe. Na pigo la mashine lisitumike katika somo la kuimba mpaka shairi liwe limesomwa kwa sauti ya mazungumzo, limeelezwa, na mwanafunzi anajua ni neno gani analoliimbia wimbo mzima.

Haya hayahitaji fedha nyingi wala azimio la wakubwa. Yanahitaji walimu wachache watakaokubali kuketi na simu za wanafunzi wao, wazijue, na waoneshe mahali zinapokosea. Mwalimu anayeikimbia mashine amemwachia mashine mwanafunzi wake. Anayeishika na kusema, "hapa inasema umekosea, na hapa ndipo ulipopata," amefundisha masomo mawili kwa mara moja: somo la rasti, na somo la kutolikabidhi sikio lako kwa mtu wala kwa kitu kisichojua unachokisikiliza.